Viuatilifu vya Zamani: Namna Vinavyobaki Udongoni na Kufika Mezani

Baadhi ya viuatilifu vilivyotumika mashambani miongo iliyopita, ikiwemo DDT, havikutoweka pale matumizi yake yalipokoma. Vimo katika kundi la vichafuzi vya kikaboni vinavyodumu, vinavyodhibitiwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004.

Mfano unaojulikana zaidi nchini ni Vikuge, wilayani Kibaha, mkoani Pwani. Mwaka 1986 shamba la serikali la huko lilipokea viuatilifu vya msaada kutoka Ugiriki, baadhi vikiwa vimekwisha muda wake. Viliwekwa katika banda la wazi. Banda likaanguka, mvua ikavisambaza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliopima udongo huo miaka mingi baadaye waliikuta DDT ingalipo.

Sababu ni kwamba DDT karibu haiyeyuki katika maji. Hung'ang'ania mboji na chembe za udongo, hivyo mvua haiizamishi ardhini bali huihamisha pamoja na udongo unaomomonyoka. Kwa mashamba ya miteremko inayoelekea Ziwa Babati, makinga maji hulinda rutuba na ziwa kwa wakati mmoja. Joto la nchi yetu huivukiza na kuivunja upesi kuliko katika nchi za baridi, lakini sehemu yake hugeuka kuwa DDE, ambayo nayo hudumu.

Kwa mahindi, habari ni afadhali kuliko inavyodhaniwa. Sumu hii hunasa zaidi kwenye ngozi ya mzizi, na kiasi kidogo sana hupanda hadi kwenye punje, ambayo tena imefunikwa na maganda. Majani na mabua hupokea zaidi, kupitia vumbi na mvuke. Mabua hayo ndiyo malisho ya ng'ombe baada ya mavuno, na kwa kuwa DDT hukaa katika mafuta, hutokea kwenye maziwa.

Njia fupi kuliko zote, hata hivyo, haipiti udongoni kabisa. Ni ghalani, pale mahindi yanapochanganywa na dawa ya unga isiyo na lebo, iliyopimwa kwa kijiko sokoni. Mkulima anunue kiuatilifu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), yenye makao makuu Arusha, au atumie mifuko isiyopitisha hewa, ambayo haihitaji dawa. Mwenye mabaki ya dawa za zamani asiyafukie wala kuyachoma. Amwarifu afisa kilimo wa kata yake.