Vumbi Halijui Mpaka

Mtu apitaye Kolwezi wakati wa kiangazi huliona vumbi limetanda juu ya majani ya miembe, juu ya mabati, hata juu ya nguo zilizoanikwa. Mama hulipangusa leo, na kesho limerudi. Je, ndani ya vumbi lile mna nini? Swali ni fupi, lakini kulijibu kulitaka waganga wenye elimu, vyombo vya thamani kubwa na miaka mingi.

Tanuru la kwanza la shaba liliwashwa Lubumbashi mwaka 1911, nacho chuo kikuu cha mji ule kilifunguliwa mwaka 1956. Hata hivyo ulifika mwaka 2009 ndipo daktari Célestin Banza wa chuo hicho, pamoja na wenzake Wabelgiji, walipotangaza habari ya kupima mkojo wa watu 351 wa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na matanuru walikutwa na kobalti nyingi kupita kiasi chochote kilichowahi kuandikwa kwa raia wa kawaida.

Kisha, mwaka 2014, madini yakavumbuliwa chini ya nyumba za watu katika mtaa wa Kasulo, huko huko Kolwezi. Wenyeji wakachimba uani, na wengine ndani ya nyumba zao. Wataalamu wakarudi, wakapima wakaaji 72, kati yao watoto 32, wakawalinganisha na watu wa mtaa mwingine. Habari yao ilitoka mwaka 2018: tofauti ilikuwa kubwa kuliko zote kwa watoto. Nani atashangaa? Mtoto hutambaa, hucheza chini, hutia vidole kinywani. Na mwaka 2020 ikatoka habari nyingine, ya Lubumbashi, kwamba watoto waliozaliwa na kilema walionekana zaidi katika nyumba ambazo baba hufanya kazi ya madini.

Sasa tazameni safari ya mkojo ule. Ulikusanywa Katanga, ukatiwa katika vichupa, ukapanda ndege hata Ubelgiji, ukapimwa huko. Mimi siwalaumu rafiki wa ng'ambo, maana bila wao tungali gizani. Lakini nchi itoayo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yote, ikilazimika kungoja barua ya mbali ili ijue watoto wake wamemeza nini, ina upungufu wa namna ya pekee.

Na jirani zetu je? Ng'ambo ya mpaka, katika Zambia, uko mji wa Kabwe. Mgodi wake wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994, lakini udongo haukufungwa pamoja nao: risasi hupatikana bado katika damu ya watoto wa mitaa ya karibu. Chuo Kikuu cha Zambia kilichunguza jambo hilo pamoja na chuo cha Hokkaido, Japani. Basi majirani wawili wenye msiba wa namna moja, kila mmoja alikwenda kuazima mizani bara nyingine.

Si kwamba shauri halikutolewa. Mnamo Agosti 2008 mawaziri wa afya na wa mazingira wa Afrika walikutana Libreville, Gabon, wakaahidi kuunganisha kazi zao na kuimarisha mafundisho na uchunguzi. Upande wa mashariki, vyuo vya Ethiopia, Kenya, Uganda na Rwanda viliungana kuchunguza hewa chafu, Addis Ababa ikiwa kitovu chao. Kwa ukanda wa shaba, mpango wa namna hiyo ungetaka kwanza jambo moja lisilo na fahari: namna moja ya kupima, ili hesabu ya Kolwezi na ya Kabwe ziweze kuwekwa kando kwa kando. Ungetaka pia wanafunzi wa kemia na wauguzi wafunzwe pamoja, huku na huku.

Watu hupenda kuzungumzia bei ya mashine. Kumbe mashine ipimayo madini ndani ya mkojo hula umeme usiokatika na gesi safi iitwayo agoni, tena hudai fundi aliyefunzwa miaka kadhaa. Fundi huyo, akiisha kufunzwa, atalipwa na nani, Lubumbashi au Lusaka?