Ijue Saa ya Maji Kabla ya Kwenda Ufukweni

Pwani ya Kilwa ina fukwe ndogo zilizojificha kati ya miamba ya matumbawe. Nyingi hazina barabara wala waokoaji, na baadhi hufikiwa tu kwa kuzunguka rasi ya mwamba kwa miguu wakati maji yamekupwa. Utulivu huo huwavutia wananchi siku za mapumziko na sikukuu, lakini ndio pia unaoweza kuigeuza ajali ndogo kuwa msiba, kwa kuwa hakuna wa kuiona.

Hatari ya kwanza ni maji kujaa. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kupwa hadi kujaa huchukua saa sita na dakika chache. Siku za bamvua, zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kupwa na kujaa huweza kuzidi mita 3. Katika siku hizo maji hukupwa kabisa yapata saa 4 asubuhi na kujaa yapata saa 10 jioni. Familia iliyopita rasini asubuhi kwa miguu mikavu huweza kuikuta njia hiyohiyo alasiri imefunikwa kupita kimo cha mtu mzima.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hupanda kidogo, ilhali saa ya tatu na ya nne huleta takriban nusu ya maji yote. Anayesubiri maji yaguse njia ndipo akusanye vyombo huwa amechelewa. Inafaa kupita rasini maji yakiwa bado yanakupwa, na kurudi kabla haijatimia saa moja tangu yaanze kujaa. Aidha, saa za maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Aliyepita salama Jumamosi hii asitegemee saa hiyohiyo Jumamosi ijayo, kwani huenda akakuta maji yamejaa. Wavuvi na wachokoa pweza wa kijiji husika wanazijua saa hizo, waulizwe kwanza.

Mara baada ya kufika, utazamwe mstari wa mwani mkavu juu ya mchanga. Huo ndio unaoonyesha maji yalikofika. Ufukwe usio na mchanga mkavu juu ya mstari huo hufunikwa wote, hivyo si mahali pa kukaa. Vilevile, watoto wasicheze chini ya mwamba uliolika upande wa chini, kwa sababu huweza kumeguka. Viatu vivaliwe majini kujikinga na miiba.

Msimu wa kusi huja na upepo na mawimbi makubwa. Wananchi wasikilize tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na safari iahirishwe inapotolewa tahadhari ya mawimbi.

Aliyezingirwa na maji asijaribu kuvuka rasi. Apande mahali pakavu palipo juu zaidi na asubiri maji yakupwe. Anayemwona mwenzake akizama asijitose. Amrupie kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko, kisha aite msaada kwa wavuvi walio karibu, Polisi kwa namba 112 au Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114. Kwa kuwa simu huenda isishike mtandao chini ya miamba, kila anayekwenda amwachie jirani au mwenyekiti wa kitongoji taarifa mbili: ufukwe anaokwenda na saa atakayorudi.