Ukitazama zombi msimu wa baridi, acha dirisha wazi

Na MWANDISHI WETU

MSOMAJI, kama umewahi kukaa Embu au Meru mwezi wa Julai, huhitaji kuelezwa. Unaamka asubuhi na Mlima Kenya haupo. Ukungu umeumeza, pamoja na nusu ya barabara. Saa nne unatazama juu ukidhani jua limechelewa tu. Kufikia saa nane unakata tamaa. Manyunyu yasiyotosha kuitwa mvua yanakulowesha mabega polepole, na ile sare ya shule uliyoifua Ijumaa jioni bado haijakauka Jumapili.

Katika msimu huu kila mtu hukimbilia nyumbani mapema. Saa moja jioni mlango unafungwa, dirisha linafungwa, chai ya tangawizi inamiminwa vikombeni, na watoto wanauliza swali lile lile: "Leo tunatazama nini?"

Katika nyumba nyingi ninazozifahamu jibu siku hizi ni zombi, wale maiti watembeao wa filamu za kigeni, wenye macho meupe na miguu ya kuburuta. Watoto huwapenda, vijana huwapenda, na hata wazazi wanaojifanya kusoma gazeti huinua macho pale mlango wa kwenye filamu unapoanza kutikisika.

Sikuandiki leo kukukataza, kwani mimi pia ni mpenzi wa filamu hizo. Nakuandikia kwa sababu ya jambo lililotupata jioni moja ya Julai, tukiwa tumejifungia ndani hivyo hivyo.

Baridi karibu na Ikweta

Kwanza tuifahamu baridi yenyewe, maana wageni wengi huishangaa. Mstari wa Ikweta hupita kusini kidogo tu mwa mji wa Meru, na Embu haiko mbali nao. Mbona basi watu wavae sweta mbili na kofia ya sufu?

Ifikapo Juni jua huwa limehamia kaskazini mwa dunia, na upepo unaotujia hutoka kusini, ambako wakati huo ni majira ya baridi. Upepo huo hupita juu ya Bahari Hindi ukabeba unyevu, kisha hugonga miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Hapo hulazimika kupanda, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyopoa na kuwa mawingu mazito ya chini. Mawingu hayo hulizuia jua kutwa nzima. Ndiyo maana tunaumia zaidi mchana kuliko usiku, kwa kuwa siku inakwisha bila kupata joto. Usiku kipimajoto kinaweza kushuka hadi nyuzi 12 au 13 hivi, na mchana mara nyingi hakizidi sana 20. Ukipanda kuelekea Kibirichia au Timau hali ni kali zaidi.

Waembu, kama majirani wao Wakikuyu, huuita msimu huu gathano, na shughuli nyingi hubadilika unapoingia. Majani chai huchipuka polepole. Mkulima wa kahawa huanza kuhofia ule ugonjwa wa kuvu unaooza matunda yakiwa bado mabichi, ambao hupenda baridi na unyevu. Sokoni Gakoromone, mjini Meru, wauzaji wa mitumba huyatoa majaketi mazito yaliyokuwa chini ya marundo, na bei hupanda bila aibu.

Jamaa zetu walioko Toronto au Stockholm hutucheka tunapolalamika, maana kwao maji huganda. Lakini nyumba zao zilijengwa kwa ajili ya baridi. Nyingi za kwetu zilijengwa kwa ajili ya jua, mbao au mawe ukutani, mabati juu, na mara nyingi hakuna dari. Kwa hivyo baridi inapozidi huwa tunalikimbilia jiko la makaa. Hukanza mikono, huchemsha chai, na waya ukitandazwa juu yake hukausha sare za shule.

Kutoka kibanda cha video hadi sebuleni

Wenzangu mliokuwa wanafunzi miaka ya 1990 mtakumbuka vibanda vya video. Ulilipa shilingi chache, ukaketi kwenye benchi la mbao lisilo na mgongo, ukatazama kanda iliyochezwa hadi picha zikaanza kuruka. Walitawala mabingwa wa karate na wanajeshi wasioishiwa risasi. Zombi walikuwa wachache. Wengi wetu tulikutana nao kwa mara ya kwanza katika video ya Michael Jackson ya Thriller, iliyotolewa mwaka wa 1983, walipofufuka makaburini na badala ya kula watu wakaanza kucheza densi.

Baadaye zilikuja santuri za VCD, zikafuata za DVD, kisha vile vijiti vya flashi unavyopeleka dukani ukajaziwa filamu. Siku hizi simu ya kijana inatosha. Wakati huo huo walitokea wasimulizi kama DJ Afro, ambaye huingiza sauti yake juu ya filamu ya kigeni na kuisimulia kwa Kiswahili na Sheng, hata aliyeketi pembeni asiyejua lugha ya wahusika akacheka pamoja na wengine. Sinema iliyokuwa ya vijana kibandani ikawa ya familia nzima sebuleni.

Maiti asiyepumzika

Huenda ukadhani zombi ni mzungu. La. Asili ya hadithi hii ni Haiti, kisiwani katika bahari ya Karibiani, miongoni mwa Waafrika waliouzwa utumwani. Wataalamu wengi hulihusisha neno lenyewe na lugha za eneo la Kongo, penye neno nzambi. Kwa mtumwa, kifo kilikuwa mapumziko ya pekee aliyoweza kuyatarajia. Jambo la kutisha kuliko yote lilikuwa kufa na bado kuendelea kutumikishwa. Zombi wa kwanza hakula mtu. Alikuwa mfanyakazi asiyeruhusiwa kupumzika.

Kama umewahi kufika Tanzania, utakuwa umesikia jambo linalofanana na hilo sana. Huko husimuliwa habari za msukule, mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe mchawi amemchukua akamlimie shamba usiku. Haiti na Tanzania zimetenganishwa na bahari, lakini hofu yao ni moja.

Huyu zombi mla watu tunayemjua leo aliletwa na Mmarekani George Romero mwaka wa 1968 kupitia filamu ya Night of the Living Dead. Ilitengenezwa kwa fedha kidogo, tena bila rangi. Watu saba wamejifungia katika nyumba ya shambani huku maiti wakiizingira. Shujaa wake aliigizwa na Duane Jones, mwigizaji mweusi, jambo lililokuwa nadra Marekani wakati huo. Ukiitazama vizuri utaona kwamba walio ndani wanaangamizwa na ugomvi wao kuliko maiti walio nje: tujifiche chini au tubaki juu? Mlango upi ufungwe, upi uachwe?

Tangu hapo zombi wamebadilika. Filamu ya Uingereza ya 28 Days Later, ya mwaka wa 2002, iliwafundisha wagonjwa wake kukimbia. Mwaka wa 2016 Wakorea walitoa Train to Busan, kisa cha baba aliyezama kazini hata akamsahau binti yake, kisha wakajikuta pamoja ndani ya treni yenye zombi. Kuna hata riwaya ya Mmarekani Max Brooks ya mwaka wa 2006, World War Z, ambamo zombi huganda kwenye baridi kali na kuamka barafu inapoyeyuka. Sijui kama msaada huo ungetufikia. Kwa nyuzi 12 za Embu, zombi angekohoa tu akaendelea na safari.

Jioni ya Embu

Sasa nikurudishe kwenye jambo lenyewe. Ilikuwa Julai mwaka wa 2019, viungani mwa mji wa Embu, nyumbani kwa dada yangu. Nilikuwa nimewaletea watoto wake ile filamu ya Romero kwenye flashi. Walikuwa watatu, na kitinda mimba alikuwa na umri wa miaka minane. Najua, hakufaa kuitazama. Kosa hilo ni langu.

Mama mkwe wa dada yangu, ambaye sote humwita cucu kama wajukuu wake, alitazama picha mbili tatu akasimama. "Mtu aliyekufa hatazamwi kama harusi," alisema, akajitanda shuka yake na kwenda jikoni, kwenye kibanda cha nje cha mbao zenye mianya, akaketi kando ya moto wa kuni.

Watoto walicheka, lakini cucu alikuwa na sababu. Kabla ya mafundisho ya misheni na amri za serikali ya kikoloni, jamii za Meru na Embu hazikuwa na desturi ya kumzika kila mtu. Wengi waliokufa walilazwa kichakani, na mara nyingine mgonjwa mahututi alitolewa nje ya nyumba kabla hajakata roho. Kugusa maiti kulileta unajisi uliohitaji tambiko la utakaso. Kwa mama wa umri wake, aliyelelewa na watu wa zama hizo, maiti anayeingia sebuleni si mchezo.

Sisi tulibaki ndani. Jiko la makaa lilikuwa katikati ya chumba, sare tatu zikining'inia juu yake. Dirisha tulikuwa tumelifunga. Chini ya mlango tulikuwa tumesokomeza taulo kuukuu ili upepo usipenye.

Mnamo saa tatu usiku msichana alilalamika kuumwa kichwa. Mamake akamwambia anakaa karibu mno na televisheni. Muda mfupi baadaye kitinda mimba aliinuka. Alikwenda hatua mbili, miguu ikamlegea, akainyoosha mikono mbele, kichwa kikaanguka upande mmoja.

Tulicheka. Dada yake alimpigia makofi. Tulidhani anamwigiza zombi.

Alipoanguka kwenye meza ndipo kicheko kilipokatika. Nilijaribu kusimama na nikahisi magoti yangu ni mazito kama si yangu. Wakati huo huo mlango ulisukumwa, taulo likakwama, ukasukumwa tena. Alikuwa cucu na sinia la nduma. "Watoeni watoto nje!" alipaza sauti. "Humu hamna hewa!"

Jirani alitupa lifti hadi hospitalini. Mhudumu wa zamu alitutazama akauliza swali moja tu: "Mlikuwa na jiko ndani?" Mtoto akawekewa oksijeni. Alirudi nyumbani siku iliyofuata akiwa mzima, na namshukuru Mungu hadi leo.

Mambo ya kuzingatia

Makaa yanapowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili ukakosa hewa huku unaendelea kupumua. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea na kuchanganyikiwa. Aliyelala huenda asiamke. Wote walio chumbani wakiumwa kichwa kwa pamoja, usiseme ni mafua.

Wako wanaosema makaa yaliyokolea, yasiyotoa moshi, hayana madhara. Si kweli. Kukosekana kwa moshi kunakuondolea onyo tu. Wengine huweka sufuria ya maji juu ya jiko wakiamini inavuta sumu. Hiyo pia si kweli. Njia ya salama ni jiko kubaki nje au mahali penye hewa ya kutosha, na lisiingizwe kamwe chumba cha kulala. Ukihisi dalili, toka nje mara moja, watoe wengine, kisha nendeni hospitalini hata kama mmepata nafuu.

Kuhusu filamu zenyewe, usifanye nilivyofanya. Bodi ya KFCB inayoainisha filamu nchini Kenya hutumia alama nne: GE ni ya watu wote, PG huhitaji mwongozo wa mzazi, kisha 16 na 18 ni za umri huo. Filamu nyingi za zombi si za mtoto wa miaka minane. Ya kwenye flashi huenda isiwe na alama yoyote, kwa hivyo itazame wewe kwanza. Na ukitazama na watoto, zungumzeni inapokwisha. Utashangaa jinsi wanavyojua haraka ni nani aliyewaponza wenzake.

Nyumbani kwa dada yangu bado hutazama zombi kila Julai. Jiko hukaa barazani, na sare hukaukia huko huko. Ndani kila mtu hujifunika blanketi lake, na dirisha huachwa wazi kiasi cha kupitisha mkono. Baridi huingia, ndiyo, na watoto hunung'unika. Cucu huwa yuko jikoni kwake. Mara moja moja huja kuchungulia, na hachungulii filamu.

Kwa hivyo, msomaji, jioni ya leo kabla hujabonyeza kitufe, inuka kwanza uangalie dirisha.