Barabara ya Vumbi Nayo ni Mali



Karibu kila kikundi tunachotembelea hutuambia neno moja: "Tunataka lami." Ni ombi la haki. Mama mjamzito hawezi kungoja matope yakauke ndipo apelekwe hospitali. Lakini leo tunataka kuwaeleza habari za kijiji cha Italia ambacho kilipata faida kwa kutunza barabara zake za vumbi. Tuone walifanya nini, na tunaweza kujifunza nini.

Kijiji hicho kinaitwa Gaiole, katika eneo la Chianti, mkoa wa Toscana. Wakazi wake hawafiki 3,000. Ni nchi ya vilima, mizeituni na mizabibu. Mipaka ya eneo la divai ya Chianti ilitangazwa na mtawala wa Toscana mwaka 1716. Kati ya mashamba kuna njia zinazoitwa "barabara nyeupe", kwa sababu murram ya huko ni mawe meupe yaliyopondwa.

Msidhani watu hao walikuwa matajiri siku zote. Kwa karne nyingi wakulima walilima mashamba ya wenyewe, na kila mavuno nusu ilikwenda kwa mwenye shamba. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vijana walichoka, wakaenda kutafuta kazi mijini. Mwaka 1964 sheria ilikataza mikataba mipya ya namna hiyo, lakini wengi walikuwa wamekwisha kuondoka. Nyumba nyingi za mawe zikabaki mahame. Mwaka 1985 ikaja sheria nyingine: mkulima anaweza kulaza wageni na kuwapikia nyumbani kwake, mradi kilimo kibaki ndiyo kazi yake kuu.

Basi wageni watapita njia gani? Barabara nyeupe zilikuwa zinafunikwa lami moja baada ya nyingine. Mwaka 1997 mwenyeji mmoja, Giancarlo Brocci, alianzisha safari ya baiskeli iitwayo L'Eroica ili watu waone thamani ya njia hizo. Siku ile walijitokeza watu 92 tu. Siku hizi wanakuja maelfu kila mwezi wa Oktoba, kutoka nchi nyingi. Tena sharti ni kuja na baiskeli ya zamani, ya mwaka 1987 au kabla yake. Kitu ambacho wengine wangeuza kwa vyuma chakavu, huko kinapewa heshima.

Mzunguko mrefu una kilomita 209, na zaidi ya nusu ni barabara nyeupe. Unaanza Gaiole, unapita karibu na mji wa Siena, unafuata bonde la mto Arbia hadi Buonconvento, mahali mto huo unapoingia mto Ombrone. Kisha unapanda hadi Montalcino, mji wa kilimani wenye divai yake maarufu, na kurudi kupitia Asciano, penye vilima vya udongo wa kijivu. Njia imewekewa vibao, kwa hiyo mtu anaweza kuizunguka siku yoyote, hata bila mashindano.

Na njaa ikiuma? Siku ya safari, njiani kuna vituo vya chakula cha nyumbani. Wanapika supu ya maharagwe, mkate wa jana na mboga ya majani iliyo ndugu ya sukuma wiki. Ni chakula cha maskini wa zamani, na mgeni anakisifu.

Hapo tunaona mambo matatu. Kwanza, barabara ya vumbi haijitunzi. Mitaro isipozibuliwa, maji ya mvua hupita katikati na kuikata. Pili, mgeni anavutwa na shamba linalolimwa. Likiachwa pori, hakuna cha kutazama. Tatu, kuna upande wa uchungu: nyumba nyingi za zamani zilinunuliwa na watu wa mbali wenye pesa. Walioondoka mapema hawakula matunda hayo.

Hatusemi mkatae lami. Njia ya kwenda hospitali, shuleni na sokoni na iwe nzuri mwaka mzima. Lakini si kila kijia kinahitaji lami ndipo kilete faida. Hata hapa Kenya, mwaka 2021 mashindano ya baiskeli kwenye njia za vumbi yalianzishwa Maasai Mara. Wapita njia wapo. Swali ni kama watapata kwetu chai, maji safi na mahali pa kupumzika, au watapita tu na kutuachia vumbi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Ni barabara gani kwetu inahitaji lami kweli, na ni gani inahitaji mitaro tu?

2. Ni nani atazibua mitaro kabla ya mvua za masika? Andikeni majina na siku.

3. Tuna kitu gani tunachokionea aibu, ambacho mgeni angekifurahia?

4. Mtu akija kutaka kununua ploti kando ya barabara, familia itashauriana na nani kabla ya kuweka sahihi?