Mchoraji wa Dar Anamchorea Nani?

Picha za Edward Saidi Tingatinga zilipoanza kuuzwa Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, hazikutandazwa Kariakoo wala Ilala. Ziliuzwa Oysterbay, nje ya maduka ya Morogoro Stores. Tingatinga alitoka Tunduru, alikuwa amefanya vibarua vya kila namna mjini, na alijua vizuri fedha za mji zinalala upande gani. Oysterbay ilijengwa kwa ajili ya maofisa wa kikoloni, na baada ya Uhuru ikabaki makazi ya wakubwa na wageni. Hao ndio walionunua. Yeye alichora juu ya hadibodi kwa rangi ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, kwa sababu ndiyo iliyopatikana kwa bei aliyoimudu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kimakosa akafa, akiwa na umri wa miaka kama 40, lakini wanafunzi wake hawakuacha kazi. Mwaka 1990 waliunda chama cha ushirika, na leo jina la Tingatinga linatajwa Ulaya, Japani na Marekani kama jina la mtindo mzima wa uchoraji.

Mtindo huo umelisha familia nyingi na sina neno baya la kuusema. Ila angalia namna mnunuzi alivyojipenyeza hadi ndani ya picha yenyewe. Ukubwa wake ulifaa kuingia kwenye sanduku la safari. Wachoraji walichora pia hospitali, harusi, masoko na waganga, lakini wanyama ndio walioshika soko, kwa kuwa mgeni alikuja nchini kuona wanyama. Zaidi ya yote, mtu anayekaa nchini wiki mbili hawezi kumuuliza mchoraji mwaka huu ameleta kipi kipya. Hakuiona kazi ya mwaka jana. Kwake kila picha ni mpya, na mchoraji akimrudia chui yuleyule mara mia, mara zote mia atapata mnunuzi asiyejua kwamba chui huyo amerudiwa. Kwa wachongaji wa soko la vinyago la Mwenge mambo ni yaleyale. Mikono yao ni hodari kweli, lakini banda baada ya banda unakuta umbo lilelile, kwa kuwa anayenunua hapo ni mpita njia na kesho yuko kwenye ndege.

Kutokana na historia hiyo nasema kwamba maonesho madogo ya wanafunzi na ya wasanii wa kujitegemea hupimwa kwa kipimo kisichoyafaa. Maonesho yakiisha, swali la kwanza ni picha ngapi zimeuzwa. Zikiwa mbili kati ya thelathini, watu husikitika na kusema yamefeli. Kuuza ni jambo jema, na msanii anakula kama watu wengine. Lakini soko la wageni linajua kuuza kuliko ukumbi wowote wa wanafunzi. Lisichoweza ni kumpatia msanii mtazamaji anayerudi, yaani mtu anayeishi mji huohuo, anayepanda daladala zilezile, aliyeona kazi ya mwaka jana na anayeweza kusema kwa haki kwamba hii ya leo imezidi au imepungua. Mtazamaji wa namna hiyo hatokei hivihivi. Hutengenezwa kwa maonesho mengi madogo yanayofuatana mwaka hadi mwaka, hata yale yasiyouza kitu.

Ushahidi uko katika historia ya mji wenyewe. Mwaka 1972, mwaka uleule aliokufa Tingatinga, mtawa Jean Pruitt alianzisha Nyumba ya Sanaa, mahali ambapo vijana wangeweza kuchora, kuchonga na kutengeneza vitu vya sanaa chini ya paa moja. George Lilanga, Mmakonde kutoka kusini, aliingia pale kama mlinzi. Akiwa lindoni alichonga, kazi zake zikaonekana na wenzake, akahamia upande wa wasanii, na hadi alipofariki mwaka 2005 michongo yake ya mashetani yenye masikio mapana na matumbo ya kuchekesha ilikuwa imeoneshwa katika kumbi kubwa za Ulaya na Marekani. Watu hupenda kusimulia habari ya Lilanga kama bahati ya mtu mmoja. Mimi naisoma kama habari ya mahali. Palikuwa na nyumba ambamo kazi ya mlinzi ingeweza kuonwa na watu wanaojua kutazama, tena kila siku, kabla mgeni yeyote hajaitaka. Ukiondoa nyumba ile, Lilanga anabaki mlinzi anayechonga kijiti usiku asije akasinzia.

Kazi kama ya Nyumba ya Sanaa sasa inafanywa na sehemu chache. Nafasi Art Space ipo Mikocheni tangu mwaka 2008, na wasanii wake wanafanyia kazi ndani ya makontena ya meli yaliyogeuzwa karakana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wanafunzi wa sanaa za ufundi wanaotakiwa kuonesha kazi zao wamalizapo masomo, na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo inafundisha uchoraji na uchongaji kando ya ngoma na tamthilia. Kwa mwanafunzi, siku ya maonesho ni mara ya kwanza picha yake kukutana na mtu asiyemjua. Mwalimu anajua alikotoka, anamhurumia, rafiki anasifu, mama anafurahi. Mgeni wa mlangoni hana hisani yoyote. Anasimama mbele ya picha sekunde nne, anapita. Au anasimama dakika tano na kuuliza kwa nini yule mwanamke hana macho. Hapo mwanafunzi anapata somo ambalo halimo darasani: kile alichodhani kinaonekana wazi, hakikuonekana kabisa.

Kuna wanaopinga wakisema kutazama picha ukutani si desturi yetu, na kwamba maonesho ni mchezo wa Wazungu na watoto wa wenye nazo. Pingamizi hili husemwa kwa kujiamini sana, na ni dhaifu. Katika gazeti la Uhuru, katuni za Chakubanga zilizochorwa na Christian Gregory zilifuatwa na wasomaji kwa miaka. Jarida la Sani liliwafanya Ndumilakuwili na Lodi Lofa kuwa majirani wa kila nyumba. Mtu wa Dar anasoma kanga kwa rangi na pindo kabla hajasoma jina. Anamchagua kinyozi kwa mchoro wa vichwa uliopo mlangoni, na anajua daladala ya nani imepakwa na fundi gani. Kama ni kwenda kutazama vitu vilivyopangwa, kila Julai umati unajaa viwanja vya maonesho ya biashara ya Sabasaba, Barabara ya Kilwa, na wengi wao wanalipa kiingilio, wanazunguka banda kwa banda kutwa nzima, wanarudi nyumbani na mfuko mmoja wa karanga. Hakuna anayesema Sabasaba imefeli kwa sababu mtu wa Mbagala hakununua trekta.

Wengine wanasema watu hawana fedha, na picha hailiwi. Ni kweli kwamba wengi hawana. Lakini ingia kwenye sebule za kawaida za Tabata au Kimara. Ukutani kuna picha iliyochapishwa kiwandani ya maporomoko ya maji ya nchi isiyojulikana, ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu, pengine na saa pembeni. Imenunuliwa. Mwenye nyumba alitaka kitu kizuri ukutani na akatoa fedha kukipata. Tujiulize basi kwa nini hakununua kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu. Jibu langu ni kwamba hakualikwa. Maonesho mengi ya mjini hufunguliwa jioni ya siku ya kazi, upande wa Upanga, Masaki au Mikocheni, saa ambazo mtu wa Gongo la Mboto anapigania usafiri wa kurudi kwake. Maelezo ukutani mara nyingi yako kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha tasnifu. Bei, zikiwepo, zinaweza kuwa za dola. Mtu anayekuta hali hiyo anaelewa mara moja kwamba haikuandaliwa kwa ajili yake, na ana haki ya kuondoka.

Pingamizi zito zaidi linahusu fedha za wafadhili. Kumbi nyingi za maonesho na ruzuku nyingi za wasanii wetu zimetegemea balozi, vituo vya utamaduni vya nchi za nje na mashirika ya maendeleo. Mwenye fedha huja na mada yake: mazingira, jinsia, demokrasia, uhamiaji. Mada hizo ni za maana, lakini msanii kijana hujifunza haraka kuchora mada badala ya kuchora alichokiona. Anajaza fomu kwanza, brashi baadaye. Wanaosema kwamba maonesho yetu yamebadilisha tu mtalii kwa mfadhili wana hoja, na sitawapinga moja kwa moja. Nasema tu kwamba hoja hiyo inatusukuma kutaka maonesho madogo zaidi, yale ya gharama ndogo ambayo wanafunzi wanne wanaweza kuyaandaa katika ukumbi wa shule au kwenye korido ya maktaba bila kuandika barua kwa mtu. Kadiri maonesho yanavyokuwa makubwa ndivyo yanavyohitaji mfadhili. Picha ishirini, misumari, kamba na meza ya kitabu cha wageni havihitaji ubalozi.

Kuhusu simu, kwa wanaodai kwamba siku hizi msanii anaonesha kwenye mtandao na hahitaji ukumbi, jibu ni fupi. Kioo cha simu kinaifanya picha ya mita mbili ilingane na ya kiganja, kinaua mng'ao wa rangi ya mafuta, na kinyago hakizunguki. Mtandao ni mzuri kwa kutangaza na kwa kuuza. Kwa kutazama bado hautoshi.

Lipo pia suala ambalo waandaaji hawapendi kulisikia: kazi nyingi za wanafunzi ni changa, na nyingine ni mbaya. Sioni aibu katika hilo. Mchoraji hakomai chumbani. Tatizo ni kwamba tunazisifu zote kwa sauti moja. Magazeti yetu yana kurasa nzima za mpira na za Bongo Fleva, ambamo mwandishi haoni tabu kusema wimbo fulani ni dhaifu au kocha fulani kakosea. Uchoraji ukiandikwa, huandikwa kama habari ya ufunguzi: mgeni rasmi alisema nini, alivaa nini, alikata utepe saa ngapi. Picha zenyewe hazitajwi. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, lina jukumu la kuendeleza sanaa za ufundi pamoja na nyinginezo, lakini baraza haliwezi kuandika uhakiki kwa niaba yetu. Somo la sanaa lipo katika mitihani ya sekondari na shule zinazolifundisha ni chache. Kwa sababu hiyo wengi wetu tunamaliza shule bila kuwahi kuulizwa tunaona nini katika picha. Maonesho ya mtaani ndiyo nafasi pekee iliyobaki ya kuulizwa.

Mwaka 2024 Tanzania ilishiriki kwa mara ya kwanza katika maonesho makubwa ya kimataifa ya Venice, Italia, kwa banda la taifa. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini tulishawahi kufika mbali bila kufika nyumbani. Jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York lilipata mwaka 1960 picha ya Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyekuja kuwa balozi wetu wa kwanza London, inayoonesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mada ni ya Uchaggani kabisa. Leo Mchagga anayetaka kuiona hasa anahitaji viza. Ntiro hana kosa, wala walioipokea picha yake hawana. Sisi ndio tuliokosa pa kuiweka, na hatukuwa na watazamaji wa kutosha wa kudai iwekwe.

Waandaaji wanaweza kuanza na mambo yasiyogharimu: maelezo kwa Kiswahili cha kawaida, bei kwa shilingi, milango wazi Jumamosi na Jumapili mchana, na kumbi ambazo daladala zinafika, kama Makumbusho ya Taifa, Maktaba Kuu au shule za Temeke na Ubungo. Wanafunzi wasimame karibu na kazi zao wajibu maswali, yakiwemo ya kuudhi. Nawe msomaji, ukisikia kuna maonesho, nenda na mtoto mmoja wa nyumbani. Sema wazi kipi kimekupendeza na kipi hakikukuingia. Uliza bei. Fedha zisipotosha, muulize msanii ataonesha tena lini, na siku hiyo ikifika urudi.