Tabaka, Malezi na Lugha ya Mtoto

Methali isemayo "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" humtwika mzazi jukumu lote la makuzi ya mtoto. Hata hivyo, namna ya kulea yenyewe hutegemea kwa kiasi kikubwa tabaka la mzazi. Jambo hili lilidhihirishwa na mwanasosholojia Annette Lareau katika kitabu chake, Unequal Childhoods (2003), kilichotokana na utafiti uliohusu watoto 88 nchini Marekani, ambapo familia 12 zilichunguzwa kwa karibu majumbani mwao.

Lareau alibaini kwamba wazazi wa tabaka la kati hujadiliana na watoto wao, huwauliza sababu na kuwahimiza kumhoji hata daktari. Wazazi wa tabaka la wafanyakazi na mafukara hutoa maagizo mafupi, na huwaachia watoto nafasi kubwa zaidi ya kucheza na jamaa zao. Hivyo, watoto wa kundi la kwanza huzoea kudai haki mbele ya wakubwa. Wa kundi la pili hujifunza kujitegemea, kushikamana na jamaa na kunyamaza mbele ya wenye mamlaka.

Ikumbukwe kwamba tofauti hii si ya upendo wala ya akili. Tatizo huanza pale shule inapoifanya lugha ya tabaka moja kuwa kipimo cha watoto wote. Mtoto aliyefunzwa kwamba kunyamaza ni adabu huonekana hana la kusema, na tofauti ya malezi hugeuzwa kuwa upungufu wake. Kwa hiyo, mwalimu hana budi kukichunguza kipimo chake kabla ya kumhukumu mwanafunzi.