Mukomberanwa: Polisi aliyeacha mshahara akashika tindo

MTU anapoacha kazi yenye mshahara ili agonge mawe, wengi humdhania amerukwa na akili. Hivyo ndivyo alivyofanya marehemu Nicholas Mukomberanwa wa Zimbabwe, na uamuzi huo ukamweka miongoni mwa wachongaji sanamu mashuhuri barani Afrika.

Mukomberanwa alizaliwa mwaka wa 1940 wilayani Buhera. Alijifunza kuchonga mbao katika misheni ya Kikatoliki ya Serima, ambako Padri John Groeber kutoka Uswisi aliwafunza vijana kulipamba kanisa kwa sanamu za watakatifu wenye sura za Kiafrika.

Mwaka wa 1962 alihamia Salisbury, ambayo leo ni Harare, akawa polisi. Huko alikutana na Frank McEwen, Mwingereza aliyesimamia Jumba la Kitaifa la Sanaa lililofunguliwa mwaka wa 1957. McEwen aliwahimiza wasanii chipukizi wasichonge vinyago vya kuwafurahisha watalii, bali wachote mawazo katika imani na ngano za jamii zao. Hapo ndipo Mukomberanwa alipoacha mti akageukia jiwe.

Jiwe lenyewe si kama lile laini la Tabaka, Kisii, ambalo hukatika kwa panga. Wachongaji wa Zimbabwe hutumia sana serpentini, ambayo aina zake nyingi ni ngumu. Hupasuliwa kwa tindo na nyundo, husuguliwa kwa tupa na msasa, kisha hupashwa moto na kupakwa nta hadi ing'ae. Kipande kikishabanduka, hakirudi.

Kwa miaka mingi alichonga baada ya zamu. Kazi zake za mwanzo zilikuwa na vichwa vikubwa na macho yaliyotokeza, mithili ya sanamu za Serima. Baadaye alipunguza mapambo. Uso wa binadamu ukawa mistari michache na pembe kali, na sehemu nyingine za jiwe akaziacha zikikwaruza kama zilivyotoka ardhini. Wapo waliomlinganisha na Pablo Picasso, ingawa yaliyomo yalikuwa maisha na imani za Washona.

Alipoacha upolisi katika miaka ya 1970, hali ilikuwa ngumu. Nchi ilikuwa vitani na chini ya vikwazo vya kiuchumi, na McEwen alikuwa ameondoka mwaka wa 1973. Aliyetegemea sanaa pekee alihatarisha riziki ya familia yake.

Baada ya uhuru wa 1980, sanamu zake zilizidi kupata sifa Ulaya na Marekani. Katika shamba lake la Ruwa, nje ya Harare, aliwafunza vijana na wanawe mwenyewe.

Alifariki mwaka wa 2002. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Wana wa Mukomberanwa, wakiwemo mabinti zake Ennica na Netsai, hawakuishia kuvukuta. Walishika tindo wakawa wachongaji kamili.